Mama Rejeta na Kompyuta Iliyochemka

"Ufundi wa mitaani." Maneno hayo aliyaandika mtu mezani kwangu, kikombe changu cha chai kikiwa mkononi mwake, na aliyekuwa akiandikwa ni wifi yangu. Nina miaka sabini na minne. Nimeudhiwa na watu wengi, na wengi wao nimewasamehe kwa sababu wameshakufa. Huyu bado yu hai, kwa hiyo naandika.

Wifi yangu ni dada wa marehemu mume wangu. Mtaani wanamwita Mama Rejeta. Mtoto hakujaliwa, jina hilo alilipata gereji, alikofanya kazi miaka ishirini na tisa ya kuziba na kuzibua rejeta za malori na mabasi. Kwa asiyejua, rejeta ni lile sanduku la mabati membamba linalokaa mbele ya injini. Maji yanapita kwenye injini, yanabeba moto, yanakuja kupoa kwenye rejeta, yanarudi tena. Likiziba au likitoboka, injini inachemka, na injini ikichemka sana ndiyo basi tena.

Alianza akiwa na miaka ishirini, na aliajiriwa kuosha tu. Fundi mkuu wa pale alikuwa mzee ambaye macho yalikuwa yameanza kumwacha. Akamwambia, "Binti, wewe kuwa macho yangu, mimi nitakuwa mikono yako." Wakaenda hivyo miaka minne. Mzee alikuwa anajua ugonjwa wa gari kwa kupapasa: mpira wa juu, mpira wa chini, tumbo la rejeta. Mshale wa joto hakuutazama kwa sababu hakuuona. Wifi yangu akajifunza kwa mtu asiyeona, na mpaka leo hii kitu hakitazami kwanza. Hukishika.

Nilipoolewa kwao nilimwonea haya, nasema kweli. Mimi nilikuwa nashona nguo za watu, vidole vyangu safi, na huyu wifi alikuwa akiingia sebuleni na ovaroli yenye matone ya lehemu, kucha nyeusi kama amechimba makaa. Nilimwambia mume wangu, "Dada yako atatuaibisha." Akanijibu, "Hicho kiti ulichokalia amenunua yeye." Nikanyamaza, lakini sikuhama kwenye kiti.

Sasa nije kwenye basi, kwa sababu bila basi hutaelewa kwa nini nina hasira hivi.

Miaka kumi na moja iliyopita aliziba rejeta ya basi moja la abiria. Aliijaribu kwa hewa ndani ya pipa la maji, haikutoa hata povu moja. Siku tatu baadaye basi likapanda mlima, injini ikaungua. Gereji nzima ilijua kilichotokea: mkanda wa feni ulikatika njiani, dereva akaona mshale umepanda, akaendelea kukanyaga mafuta kwa kuwa alikuwa anashindana na basi la mbele. Lakini dereva alikuwa shemeji wa mwenye gereji. Mwenye gereji akamwita wifi yangu ofisini.

"Mama, sema tu umekosea, yaishe. Kazi yako ipo palepale."

"Sikukosea."

"Nani amekuuliza kama ulikosea? Nakwambia useme."

Wifi yangu alichukua chuma chake cha kulehemu, akakifunga kwenye kitambaa, akatoka. Hajarudi. Aliyekuwa anaitwa fundi akawa "yule mama aliyeunguza basi." Gereji nyingine tano zilimwambia watamwita, hawakumwita. Akakaa dirishani kwake anauza sabuni ya kufulia, miaka kumi na moja, na mikono ile imekaa magotini kama ya mgeni.

Halafu ikaja kompyuta.

Binti yangu wa pili anachora majengo. Si kwa penseli; anayachora kwenye kompyuta, halafu anayageuza kuwa filamu, unaingia mlangoni, unapanda ngazi, unaona jua linavyoingia dirishani, na jengo lenyewe hata msingi halijachimbwa. Kazi hiyo inaichosha mashine mpaka inatoa joto kama pasi, na feni zake zilikuwa zinalia chumba cha nyuma mchana kutwa, mimi cherehani yangu siisikii. Akasema atatengeneza kompyuta inayopozwa kwa maji. Akaagiza vipande: pampu ndogo kama ngumi, tangi la plastiki la kuona ndani, rejeta nyembamba, na kipande cha shaba cha kukaa juu ya prosesa. Prosesa ndiyo akili ya mashine, na ndiyo inayowaka moto. Mabomba ya kuunganisha yalikuwa ya shaba, na hapo ndipo alipokwama. Kila akikunja bomba, linajikunyata kama kiwiko cha mtoto anayekataa kuvaa sweta.

Wifi yangu alikuwa amekuja kunisalimia. Akasimama mlangoni mwa chumba cha nyuma, akatazama, akaingia, akaishika ile rejeta.

"Mwanangu, hii si rejeta hii?"

"Ndiyo, shangazi, lakini ni ya kompyuta."

"Maji yanajua kama hii ni kompyuta?"

Alijaza bomba mchanga mkavu, akaziba ncha mbili, akalipasha moto, akalikunja taratibu kwenye mguu wa meza. Lilitoka limepinda vizuri kama shingo ya bata. Siku nne alikuwa chumba kile. Rejeta mpya aliisuuza mara sita, kwa sababu alisema kiwanda hakijawahi kuuza rejeta safi, na kweli maji ya kwanza yalitoka na unga mweusi. Alikataa maji ya bomba, akataka maji ya betri yasiyo na asidi. Aliharibu na mkasi wangu wa kushonea kwa kukatia sijui nini chake cha gereji, tukagombana kidogo. Alikuwa anaimba. Miaka kumi na moja sikuwa nimemsikia akiimba, na sauti yake ni mbaya, lakini niliacha mlango wazi.

Kompyuta ikawaka. Kimya kabisa. Miezi mitatu ilifanya kazi, na binti yangu akiwaambia wenzake, "Mabomba haya kayakunja shangazi yangu." Wifi yangu akaanza kupita mtaani kifua mbele. Mwenye duka la pembeni alimwita "fundi", akageuka haraka kama aliyeitwa jina la utotoni.

Mwezi wake wa nne joto likaanza. Kompyuta inaonyesha namba ya joto kwenye kioo: mwanzoni ilikuwa sitini na kitu mashine ikiwa kazini, ikawa sabini, ikawa themanini na tano. Jumatatu moja ikafika tisini na nane, ikajizima yenyewe. Binti yangu akaiwasha, ikajizima tena. Na Ijumaa ya wiki ile alitakiwa kuonyesha filamu ya hospitali ya watoto mbele ya wakubwa wa kazi yake.

Nikamwambia, "Mwite shangazi yako."

"Mama, shangazi asiambiwe. Nimeomba ofisi wanitumie mtaalamu."

"Asiambiwe kwa nini?"

"Atajisikia vibaya."

Uongo. Hakuogopa shangazi yake kujisikia vibaya. Aliogopa kuulizwa ofisini nani alitengeneza mashine, na jibu liwe bibi anayeuza sabuni. Mabomba yalipokuwa yanang'aa, shangazi alikuwa shangazi. Yalipochemka, shangazi asiambiwe. Nilimtazama mtoto niliyemzaa mwenyewe nikatamani kumchapa, na ana miaka thelathini na mitano.

Mtaalamu akaja Jumanne asubuhi. Kijana wa miaka kama arobaini hivi, shati limenyooshwa, visikizio shingoni. Alifungua ubavu wa kompyuta akacheka.

"Hii nani kafunga? Fundi bomba?"

"Shangazi yangu," binti yangu akasema, kwa sauti ya mtu anayekiri wizi. "Alikuwa anatengeneza rejeta za magari."

"Za magari!" Akapiga picha kwa simu. "Dada, hii si lori."

Alichomeka, akatazama namba, akatoa hukumu zake moja baada ya nyingine bila kugusa kitu. Kwanza, rejeta ni ndogo. Dakika kumi baadaye, maji ni machafu. Baada ya chai yangu, prosesa imeshaungua, inunuliwe nyingine, na mabomba yote yang'olewe, kiwekwe kipoza cha dukani kilichofungwa kiwandani. Halafu akavuta karatasi ya ripoti ya ofisi, akaandika, nami nikiwa nyuma ya bega lake na miwani yangu: *Chanzo: ufundi wa mitaani.*

Nikamuuliza, "Mwanangu, ripoti hiyo inakwenda wapi?"

"Ofisini, bibi. Inakaa kwenye faili."

Nikaona basi. Nikaona wifi yangu akirudishwa dirishani, na safari hii kwa maandishi: kaunguza injini, kaunguza na kompyuta. Nilivua kanga ya kazini, nikavaa viatu, nikaenda kumwita mwenyewe. Binti yangu aliniita kutoka mlangoni mara mbili, nikajifanya sisikii. Uzee una faida zake.

Nilimkuta anapanga sabuni. Nikamwambia yote njiani, hata lile la "asiambiwe." Tukafika kwenye ngazi yangu. Akasema, "Tisini na nane?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Wifi, kama nimeunguza mali ya mtoto, safari hii nitakaa kimya mpaka nife. Kama sijaunguza, mtu huyo ataifuta karatasi yake." Akapanda akishika kuta za korido, na mimi nikamtukana yule kijana kimoyomoyo kwa kila hatua.

Akaingia. Mtaalamu akainuka nusu.

"Shikamoo, mama. Ndiye wewe mama wa magari?"

"Marahaba. Ndiye mimi. Washa mashine."

"Mama, nimeshaipima. Prosesa imekufa."

"Maiti haitoi joto, mwanangu. Washa."

Binti yangu akaiwasha. Wifi yangu hakutazama kioo kabisa. Alivuta stuli, akakaa ubavuni mwa kompyuta, akaweka kiganja kwenye bomba linaloingia kwenye rejeta, kingine kwenye linalotoka. Akafumba macho. Mtaalamu akamkonyeza binti yangu. Mimi nikamwona.

"Una kitu jichoni, baba?" nikamuuliza.

"Hapana, bibi."

"Nilidhani."

Wifi yangu akasema, "Ipe kazi nzito. Ile filamu. Na unisomee namba kwa sauti."

Binti akabonyeza. "Arobaini na nne... tisini na tatu! Tisini na sita!"

"Ilichukua muda gani kutoka arobaini kwenda tisini?"

"Hata sekunde mbili hazikufika, shangazi."

"Na maji haya ni ya baridi. Njoo shika." Binti akashika. Mtaalamu hakushika. "Haya, nielezeni. Rejeta ikiwa ndogo, maji hupata joto polepole, yanapanda, yanapanda, mwisho yanachemka. Si hivyo? Maji yote haya hayawezi kuchemka kwa sekunde mbili. Na hayajachemka, ni ya baridi kama ya mtungi. Injini inaungua, rejeta imelala usingizi. Basi rejeta haina kosa, na maji hayana kosa."

Mtaalamu akasema, "Au hayapiti."

"Hapo umesema neno." Na alilisema bila kebehi, mimi ndiye niliyekasirika kwamba anampa sifa. Akamwambia binti azime, akafungua bomba moja juu ya bakuli langu la unga, akamwambia awashe pampu peke yake. Maji yakatoka kwa nguvu, bakuli likajaa kabla sijamaliza kusema bakuli langu. "Yanapita. Pampu nzima, njia nyeupe. Basi moto uko kwenye prosesa, maji yako pale juu yake, na havikutani. Kuna kitu katikati."

"Prosesa imekufa ndiyo maana," mtaalamu akasema, lakini sauti ilikuwa imeshuka ngazi mbili.

"Tutaiona."

Simu ya binti yangu ikalia, mkubwa wake wa kazi, akatoka nayo uani. Mtaalamu naye akatoka kuvuta hewa, au kuvuta kitu kingine. Tukabaki sisi wawili, mawifi, mimi nimeshika tochi. Alitoa maji yote, akafungua skrubu nne za kile kipande cha shaba. Yeye hukiita kichwa, kama kichwa cha injini. Akakizungusha kidogo, kikaachia.

Kati ya kichwa na prosesa huwa kunapakwa grisi ya kijivu, nyembamba kama losheni, ya kupitisha moto. Hii ilikuwa nene kama siagi kwenye mkate wa mgeni, na imekauka, imepasuka kama tope la kiangazi. Prosesa haikuacha alama yoyote kwenye shaba. Havikuwa vimegusana. Vilikuwa vimeachana kwa unene wa kadi, na nafasi ile ilijazwa grisi, na grisi ilipokauka moto ukakosa njia.

Kwenye pembe nne, chini ya kichwa, palikuwa na vijiduara vinne vya karatasi ngumu ya rangi ya kahawia. Kingo zake zimekatwa kwa mkasi.

Mkasi ule niliujua. Karatasi ile niliijua pia. Ni ile wanayokatia gasketi gereji, ya kuwekwa kati ya chuma na chuma ili maji na mafuta yasivuje. Wifi yangu alikuwa amezikata washa zile, ndivyo gereji wanavyoviita vijiduara hivyo, mezani kwangu, akaziweka kwenye pembe ili kichwa kisisage bodi, ule ubao unaobeba prosesa. Miaka ishirini na tisa hakuwahi kufunga chuma juu ya chuma bila kuweka kitu katikati. Mzee yule asiyeona alimpiga vidole kwa kosa hilo siku yake ya kwanza ya kufunga, na hakulirudia maisha yake yote. Kwenye lori, angekuwa sahihi mara elfu.

Alizitazama. Safari hii alizitazama, hakuzishika.

Nikamnong'oneza, "Weka mfukoni."

Akazibandua moja moja, akazikusanya kiganjani.

"Wifi! Weka mfukoni. Hawajaziona. Safisha, paka grisi, funga. Grisi ilikauka, basi. Grisi hukauka. Nani atauliza?"

"Wifi, shusha tochi, unanimulika machoni."

"Nitakumulika mpaka uwe na akili! Unataka kumpa yule mjinga chakula?"

Nilinyoosha mkono nizichukue mwenyewe. Akanishika kiganja. Mikono yake bado ina nguvu. Na hapo hapo wakaingia, binti na simu yake, mtaalamu na visikizio vyake.

Wifi yangu akafungua mkono.

"Kosa ni langu," akasema. "Hizi washa niliziweka mimi. Gasketi kazi yake ni kuzuia kitu kisipite. Hapa hakuna maji ya kuzuia, kuna moto, nami nimeuzuia. Grisi ilinisitiri miezi mitatu, ikakauka."

Nilitaka ardhi ipasuke, immeze mtaalamu peke yake.

Mtaalamu alichukua washa moja akaigeuza geuza, akatabasamu, tabasamu ambalo nitaliona nikiwa kaburini. "Si nilisema? Ufundi wa mitaani."

Nikafungua mdomo, na nilikuwa nimeshaandaa la kumwambia, kuanzia visikizio kwenda chini. Wifi yangu akanitangulia. Hakupandisha sauti.

"Andika, mwanangu. Andika washa nne. Lakini andika na mengine: ulisema rejeta ndogo, ulisema maji machafu, ulisema prosesa imekufa, ulitaka mtoto huyu anunue nyingine. Mimi nimekosa mara moja, nikatafuta mpaka nikajikuta. Wewe umekosa mara tatu na hukunyanyuka kwenye kiti."

Mtaalamu akatazama saa yake. Binti yangu alikuwa amesimama tu, simu mkononi, mtu anaita humo ndani "haloo, haloo." Halafu akauliza kitu ambacho hakuna mtu wa ukoo wetu aliyethubutu kukiuliza miaka kumi na moja, hata mume wangu, hata mimi, na sasa nadhani sote tulikuwa na shaka mahali fulani.

"Shangazi. Lile basi?"

"Basi halikuwa langu. Hizi ni zangu."

Akarudi kwenye kazi. Alifuta prosesa kwa spiriti mpaka ikang'aa, akatia tone moja la grisi, dogo kama punje ya dengu, akakilaza kichwa bila washa yoyote. Skrubu alikaza kwa msalaba, hii kidogo, ya mkabala wake kidogo, asije akainamisha upande. Akajaza maji, akainamisha kompyuta huku na huku kama anambembeleza mtoto, mpaka povu la mwisho likapanda tangini. Binti akaipa filamu nzima. Tulikaa saa moja na nusu tunaitazama namba. Hamsini na tisa. Sitini na moja. Sitini na mbili, na hapo ikagoma kupanda. Wifi yangu alishika bomba, akasema, "Sasa maji yamepata habari." Lilikuwa la vuguvugu. Binti yangu akashika pia, akaacha mkono wake pale, juu ya mkono wa shangazi yake, na akasema polepole, "Nisamehe nilikuficha." Mimi sikumsamehe mpaka Jumapili.

Prosesa iliyokufa ilitoa filamu ya hospitali Jumatano mchana. Ninakumbusha tu.

Mtaalamu aliaga akiwa ameandika ukurasa. Niliisoma ripoti yake kabla hajaikunja, kwa sababu meza ni yangu. Aliandika: washa zisizofaa zilizowekwa na fundi wa mitaani, zimeondolewa, joto limerudi sawa. Kuhusu rejeta, maji na prosesa, hakuna hata herufi. Hata nani aliyeziondoa hakusema. Ungedhani ziliruka zenyewe. Hakuandika uongo, na hilo ndilo linalonichoma. Angeandika uongo ningemrudisha kwa sikio. Aliandika nusu, na nusu ile alipewa na wifi yangu bure, kwenye kiganja.

Nikamsindikiza Mama Rejeta kwake. Jua lilikuwa kali bado, na mimi kali zaidi. Tulipopita duka la pembeni, mwenye duka akapiga kelele, "Fundi, habari ya kazi?" Akamjibu, "Niliharibu, nimetengeneza." Kwa sauti! Barabarani! Sikuweza tena.

"Wewe mwanamke una nini?" nikamwambia. "Mwenye gereji alikubembeleza useme umekosea, ukakataa, ukala ugali mkavu miaka kumi na moja. Leo hakuna aliyekuuliza, mimi nakufichia kwa mkono wangu mwenyewe, unajianika mbele ya yule, na sasa unamtangazia muuza chumvi! Siku ya kusema hukusema, siku ya kunyamaza ukasema!"

"Umemaliza?"

"Sijamaliza! Faili lile litakaa ofisini kwao likikusema vibaya mpaka karatasi ile iliwe na mchwa."

"Linasema niliweka washa. Si niliziweka?"

"Na lingekuwa halisemi kitu, kama ungenisikia!"

Akasimama katikati ya njia, akaniegemea begani kama tulivyokuwa tukifanya zamani, tulipokuwa tunarudi sokoni na mizigo. Pumzi zilikuwa zimemwishia kidogo.

"Wifi, zile washa ningezitia mfukoni, halafu mtoto akaniuliza lile basi. Ningemjibu kwa mdomo gani?"

Nilitafuta jibu mpaka kwenye mlango wake. Nilitafuta na wakati wa kurudi. Sijalipata, na kukosa kwangu jibu ndiko kunakoniudhi kuliko yule mtu na shati lake.